Babu Aliyezaliwa Ng'ambo ya Tamar

Shangazi Loveday amekuwa jaji wa skonzi kwenye maonyesho ya kijiji chetu tangu sijaota meno, na kile kiti anakipenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe. Sisemi kwa ubaya. Yeye mwenyewe husema hivyo, tena kanisani.

Kwetu Cornwall, huku Uingereza, skonzi hupakwa jamu kwanza, krimu ikakaa juu. Wenzetu wa Devon, ng'ambo ya mto Tamar, huanza na krimu, Mungu awasamehe. Ndiyo maana kamati yetu haimpi mtu ujaji mpaka babu yake awe amezaliwa upande huu. Hakuna aliyewahi kudai ushahidi hadi mwaka huu, skonzi za Morwenna Pengelly, katibu wa kamati, ziliposhindwa tena.

"Lete karatasi," Morwenna alimwambia shangazi. "La sivyo, Jumamosi kiti nakalia mimi."

Shangazi akacheka. Babu yake Hannibal si alikuwa msimamizi wa mgodi wa bati, mzaliwa wa Redruth, hukuhuku Cornwall? Akanituma nikachimbue sensa ya 1911. Nilikwenda mbio, maana shangazi nampenda, na umbea naupenda pia.

Nilirudi na nakala mkononi, kicheko nimekibana.

"Haya, soma."

"Mahali alipozaliwa: Tavistock, Devon."

"Karani kakosea huyo!"

"Fomu kajaza babu mwenyewe, shangazi. Tena ana mwandiko mzuri!"

"Na kazi je?"

"Mtega panya."

Hapo kicheko kikaniponyoka. Shangazi akaketi, machozi yakimlengalenga, nami nikaona aibu.

"Nimekwisha, mwanangu," akasema. "Bila kile kiti mimi ni bibi kizee mwenye paka, basi."

Nilimwonea huruma ya kweli. Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari mpaka chini kabisa. Halafu akatabasamu, na lile tabasamu lilinitia hofu.

Jumamosi, hema limejaa watu, alimkabidhi Morwenna karatasi mbele ya kamati nzima. Morwenna akaanza kuchekelea mara tu alipofika kwenye neno Devon.

"Usiwe na haraka, mpenzi," shangazi akamwambia. "Soma mpaka chini."

Chini ya watoto wa Hannibal aliandikwa mpangaji wao: Digory Pengelly, mzaliwa wa Tavistock, Devon, msaidizi wa mtega panya. Huyo ndiye babu yake Morwenna, yule ambaye picha yake ameitundika sebuleni na kuiwekea taa.

Morwenna akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaikunja karatasi, akaitia ndani kabisa ya mkoba wake.

"Kila kitu kiko sawa," akatangaza. "Loveday ni wa hapahapa."

Watu wakapiga makofi. Shangazi akakalia kiti chake, akavuta sahani ya kwanza, kisha akamwinamia Morwenna sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ila wako alikuwa msaidizi tu."