Dhiil Niliyoisugua kwa Sabuni

...maana moshi huu nao haukubali kukaa, kila nikitia kijinga cha mgunga ndani ya dhiil hii ya kugandishia maziwa na kuziba mdomo wake kwa kiganja, unanitoka kwenye vidole, macho yananiwasha, na afadhali, mama mkwe wangu atadhani ni moshi, hatajua ninalia, amekaa hapo mlangoni na bakuli la maziwa, Eedo Kaltuma, maziwa ya ngamia mmoja tu tuliyebakiwa naye, wengine askari waliwaswaga wote siku walipotuingiza kwenye kambi hii ya miiba, miezi minne tumengoja azae, na sasa anauliza, "Abshiro, bado?" bado kidogo, Eedo, namwambia, wallahi nitamwelezaje, chombo hiki mamake alikisuka kwa mizizi kule Kutulo, hakijawahi kuguswa na maji, ni moshi tu, maana uchachu wa watu wetu umo humu kwenye nyuzi, unamimina maziwa, siku ya tatu una susa, susa yetu, ile inayokwaruza koo halafu inakuachia utamu wa moshi, na mimi, mpumbavu mimi, juzi bwana afya alipofoka kwamba kila chombo kinachonuka kitachomwa, nikaingiwa na woga, Eedo yuko kwenye foleni ya posho, nikatia maji ya moto, nikatia sabuni, nikakisugua! kama sufuria! kikawa hakinuki kitu, na maziwa haya yataoza tu, miaka yote Eedo ameitunza susa hii, vita havikumnyang'anya, nimemnyang'anya mimi... "Huyu Nimo anacheka nini tangu asubuhi?" anasema Eedo, na kweli, nasikia, Nimo wa kibanda cha tatu, msichana aliyeolewa mwaka jana, anawasimulia wenzake kwa mara ya kumi jinsi alivyoifukia dhiil yake mchangani, bwana afya akasimama juu yake kabisa na viatu vyake asijue, mjanja yule, na bado anaitia maziwa ya mbuzi wake wawili, haijalala tupu hata siku moja... ngoja... ngoja kwanza, Abshiro, hiyo yake aliianzisha na nini? si Eedo mwenyewe alimpelekea kata ya susa siku ya arusi, kama anavyompelekea kila bibi arusi, kata iliyotoka humu humu, kabla ya sabuni, ya Allah! basi iko pale, hatua ishirini, iko kwa Sharifo aliyeolewa Mandera, iko kwa wasichana ambao hata Eedo hawakumbuki, nani atakwenda kuwasugua wote hao, nataka kucheka, nataka kupiga kigelegele na kijinga mkononi, moyo wangu mwepesi kwa mara ya kwanza tangu juzi, nitamwambia, sasa hivi mkono huu ukishatoka mdomoni mwa dhiil nitamwambia, atanitukana mpaka magharibi, na atukane, nimestahili, akichoka nitamshika mkono twende kwa Nimo, tusimame mlangoni pake na kata yetu tupu, leo mabibi arusi ni sisi.