Jinsi Shangazi Alivyotokea Kwenye Ramani

Ndugu wasomaji, natangaza rasmi kwamba katika likizo iliyopita mimi, mwanafunzi wa bweni na kiranja msaidizi wa kuzima taa, niliitoa biashara ya usafi gizani na kuiweka kwenye ramani ya dunia. Vizazi vijavyo vitauliza ilikuwaje. Ilikuwa hivi: nilitumwa kununua sabuni ya unga, nikasahau, nikarudi na wazo badala ya sabuni. Kwa kuwa Shangazi alikuwa ameshika fagio, ilinibidi nilitaje wazo hilo haraka sana.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi katika kampuni ya usafi ya mtu tunayemwita Bwana Mng'aro, kwa ajili ya viatu vyake na pia upara wake. Mwaka huu aliacha kazi, akakodi chumba cha chini katika jengo la ghorofa, akanunua mashine ya mtumba ya kuoshea mazulia, akamchukua rafiki yake Mama Pacha wafanye kazi pamoja, na biashara akaiita Nadhifu. Siku anaaga, Bwana Mng'aro alimpa mkono akamwambia, "Nenda salama, mama. Mwisho wa mwaka utarudi. Sare yako nitakutunzia." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkaa Shangazi rohoni kama mwiba wa samaki. Angetukanwa, angesahau.

Sasa mwisho wa mwaka ulikuwa unabisha hodi, na simu ya Nadhifu ilikuwa kimya kama bweni pale mwalimu wa zamu anapouliza nani amepiga mluzi. Wateja wachache wa zamani hawakutosha hata kulipia chumba. Wasipopatikana wengine, Shangazi angeivaa ile sare.

"Haya, Profesa," alisema, fagio likiwa bado hewani. "Wazo gani hilo linalofulia nguo?"

"Shangazi, siku hizi mtu akitaka wa kumsafishia nyumba haendi kuuliza jirani. Anatoa simu, anaandika 'usafi karibu nami', ramani inamletea majina. Hebu tujitafute."

Tukajitafuta. Wa kwanza alikuwa Bwana Mng'aro, anatabasamu. Wa pili, mtu wa kufukiza kunguni. Wa tatu, duka la mabeseni. Wa nne, vijana wa kuosha magari. Nadhifu hakuna.

"Haiwezekani," alisema Shangazi. "Nilijiandikisha mwenyewe, kwa kidole changu hiki."

Nikaandika jina kamili, na kweli, Nadhifu ikatokea. Ilikuwa mtaa wa nyuma, ndani ya saluni. Aina ya biashara: kusuka nywele. Saa za kazi: imefungwa siku zote. Namba ya simu: laini aliyoipoteza zamani. Picha: Shangazi harusini, amefumba macho, anatafuna.

"Shangazi, wakati unajiandikisha ulikuwa wapi?"

Fagio likashuka taratibu. "Nilikuwa nasukwa. Simu ikaniuliza, biashara iko hapa ulipo? Mimi nilikuwa pale. Ningesema siko?"

Mama Pacha, aliyekuwa akikamua tambara, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Ndiyo maana! Msusi aliniambia kuna dada alikwenda kuulizia bei ya kuoshewa zulia. Wakaongea, wakaelewana, akatoka na rasta mpaka kiunoni."

"Wateja wangu!" Shangazi akajishika kichwa, kichwa kilekile kilicholeta balaa. "Kumbe wapo! Wanasukwa!"

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kwa heshima zote za mtaalamu, nikaanza kazi. Nadhifu nikaihamisha kutoka saluni hadi mlangoni kwetu. Nikabadilisha aina ya biashara, saa za kazi na namba ya simu. Nikaandika mitaa yote tunayofika na kazi zote tunazofanya: mazulia, makochi, madirisha, ofisi. Nikapiga picha ya zulia moja ambalo nusu limeoshwa na nusu bado, na nusu hizo mbili zilionekana kama zulia la tajiri lililoungwa na la maskini.

Lakini watu wa ramani si wajinga. Walitaka ushahidi: video isiyokatwa inayoonyesha mtaa, kibao cha jina, mwenyewe akifungua mlango kwa ufunguo, na vifaa vya kazi ndani.

Kibao hatukuwa nacho. Mama Pacha alikiandika juu ya kipande cha ubao, herufi za mwanzo kwa mbwembwe, za mwisho zimebanana kama abiria waliochelewa. Tukaanza kurekodi. Mara ya kwanza Shangazi aliiangalia kamera na kusema, "Hamjambo nyote mnaonitazama, mimi kwa jina..." na akatoa hotuba mpaka simu ikajaa. Mara ya pili tulifika mlangoni tukakuta ufunguo tumeuacha ndani, mlango umejifunga, na ilibidi Mama Pacha asukumwe kupitia dirishani, jambo ambalo hakulipenda na dirisha pia halikulipenda. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa, ila Shangazi alipoinua mkono kufungua, aliona alama za vidole kwenye kioo cha mlango.

"Shangazi, fungua," nilinong'ona.

"Nifungue mlango mchafu, mbele za watu?"

Akatoa kitambaa mfukoni akafuta kioo chote, na fremu, na kitasa, akipumulia na kufuta tena huku akisonya. Nikajua tumekwisha. Kumbe kesho yake wakatukubali. Nadhani yule aliyekaa kuitazama video hiyo alisema moyoni: hakuna mwigizaji awezaye kuwa na hasira ile na alama ya kidole.

Bado kulikuwa na tatizo moja. Chini ya jina la Bwana Mng'aro wateja walikuwa wameandika maoni mengi, na chini ya jina letu hapakuwa na neno. Nilimwambia Shangazi awaombe wateja wake wa zamani waandike chochote.

"Nitawaombaje? Nimsafishie mtu nyumba, halafu nimwambie anisifu? Si bora nimwombe na anioe kabisa?"

"Waombe tu, wifi," alisema Mama Pacha, anayemwita kila mtu wifi. "Hata kuku akitaga hupiga kelele."

Shangazi akakubali kwa shingo upande. Akapiga simu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na wateja wote wakajibu, "Nitaandika, mama, nitaandika," kwa sauti ileile ninayotumia mimi nikiambiwa nikafue soksi. Hakuna aliyeandika.

Hapo, wapendwa wasomaji, nilichukua hatua fulani za kiutawala, ambazo nitazieleza zikishaniletea matatizo.

Wiki iliyofuata simu ililia. Shangazi aliiangalia kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni. Ilikuwa mama mmoja wa mtaa wa pili, kochi lake limemwagiwa uji. Kabla Shangazi na Mama Pacha hawajaondoka kwenda huko, ikalia tena. Kisha tena. Mama Pacha akaanza kupokea kwa sauti ya redio: "Nadhifu hapa, tukusafishie nini?" Mashine ya mtumba ilinguruma kutwa, kamba zikajaa mazulia yanayodondosha maji, na Shangazi akawa anaimba, jambo lililowasikitisha majirani lakini mimi lilinifurahisha kupita kiasi. Mimi mwenyewe nilipewa brashi na kuambiwa uprofesa uendelee hukohuko kwenye pindo za zulia.

Ndipo asubuhi moja alipoingia mzee mrefu aliyevaa koti jeupe, simu mkononi, anatazama ramani kisha anatazama kibao chetu.

"Samahani. Mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu iko humu humu, ghorofa ya juu. Nimetafuta watu wa usafi, ramani ikaniambia wa karibu kabisa wako chini ya miguu yangu. Nikadhani imerukwa na akili. Kumbe kweli! Napita hapa kila siku nikidhani ni stoo."

"Karibu, daktari," alisema Shangazi, na palepale akafuta kiti ambacho kilikuwa kisafi.

Daktari alieleza shida yake. Alitaka watu wa kusafisha kliniki kila siku, mwaka mzima, pamoja na ya mwenzake ng'ambo ya barabara. Niliona Mama Pacha akimkanyaga Shangazi mguu kwa furaha. Kazi hiyo peke yake ingelipia chumba na kila kitu. Ile sare ingebaki kwa Bwana Mng'aro mpaka iliwe na nondo.

"Ila kitu kikubwa kwangu ni dari," daktari aliendelea. "Mgonjwa wangu analala chali, mdomo wazi, hana pa kutazama isipokuwa dari. Na dari yangu ina madoa. Kuna mmoja aliniambia doa moja linafanana na mama mkwe wake. Kwa hiyo niliposoma maoni ya huyu mteja wenu, nikasema hawa ndio wangu." Akavaa miwani, akasoma: "'Walipomaliza kuosha dari yangu, majirani walilazimika kuvaa miwani ya jua. Marehemu mume wangu aliota dari kama hii maisha yake yote. Wako, Mjane Mwenye Shukrani.' Nataka kama ya huyu mjane. Mlimfanyia vipi?"

Nikaliinamia zulia langu na kulisugua kwa bidii ambayo shule nzima haijawahi kuiona.

Shangazi aliweka kitambaa chini. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, basi, na kazi ingekuwa yake. Mama Pacha alikuwa anamkanyaga mguu tena, safari hii kwa maana nyingine.

"Daktari," alisema mwishowe, "dari naijua. Nimeosha dari nyingi, za ofisi na za hoteli, na yako nitaiosha. Lakini huyo mjane simjui. Mimi na Nadhifu yangu hatujawahi kumfanyia kazi mjane yeyote. Sitaki uanze nami kwa uongo halafu kesho uniulize anwani yake."

Brashi yangu ikaongeza kasi. Nikaona vyema niichukue ndoo nikamwage maji nje, polepole, na ikiwezekana nisirudi.

"Profesa."

Ndoo ikasimama yenyewe.

"Njoo hapa karibu. Mjane ni nani?"

Nilikusanya heshima yote ya ukiranja. "Shangazi, katika mazingira magumu ya ushindani wa kibiashara..."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Daktari akashusha miwani. "Na huyu Jemadari Mstaafu? 'Nimepigana vita vingi, sijaona adui akisalimu amri kama lile doa la kochini.'"

"Ni mimi pia, daktari. Shikamoo."

"Na Mama wa Watoto Wengi? 'Sakafu inateleza kwa usafi. Mwanangu alianza kutembea jikoni tukampokea sebuleni.'"

"Huyo nilimwandika nikiwa nimechoka."

Mama Pacha alitoa mlio wa mbuzi, akajiziba mdomo kwa tambara, tambara lenye sabuni, akaanza kukohoa mapovu. Lakini Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama daktari, mikono ameifumbata mbele, kama mtu anayengoja kuambiwa jino lipi litang'olewa.

"Mama," daktari alisema, "kazi yangu ni kuwauliza watu kama wanapiga mswaki asubuhi na usiku. Wote hunijibu ndiyo, huku wameniachamia na meno yenyewe nayatazama. Leo umeulizwa kitu ambacho ungeweza kuitikia, ukasema hapana. Njooni kesho muanze na dari. Nikiridhika, maoni nitaandika mwenyewe, kwa jina langu." Akanigeukia. "Na wewe, mjane, pole na msiba."

Hapo Shangazi aliangua kicheko, kicheko kirefu cha miezi kadhaa kilichokuwa kimekosa nafasi. Akampa daktari mikono yote miwili. Mama Pacha akamkumbatia, akampaka mapovu mgongoni.

Daktari alipopanda ngazi, nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki, bila heshima za mtaalamu safari hii, nikaanza kuwafuta marehemu wangu mmoja mmoja, mjane, jemadari na mama, Shangazi akisimamia juu ya bega langu. Nilipomaliza, ukurasa wetu ulibaki mweupe kama dari ya kesho. Nikadhani yameisha.

"Hebu fungua na wa Bwana Mng'aro," alisema.

"Wa nini, Shangazi? Tusichungulie ya watu."

"Fungua."

Nikafungua. Juu kabisa, nyota moja, mtu aliyejiita Bibi Asiye na Upendeleo alikuwa ameandika: "Walikuja kusafisha jikoni, wakaondoka wakamsahau mfanyakazi mmoja kabatini. Tunamlisha sisi mpaka leo."

Shangazi alisoma polepole. Mdomo ulimcheza, akaubana. "Na huyu bibi?"

"Shangazi, bibi huyu hana upendeleo, ameandika mwenyewe..."

Hakugomba. Alichukua simu yake, akatafuta namba, akapiga, akaibonyeza itoe sauti kubwa, akaniwekea mapajani. Ililia mara kadhaa. Kisha ikajibiwa kwa upole ule ule.

"Ehe, mama! Nilijua utapiga. Sare yako iko hapa, nimeipiga pasi."

Nikamtazama Shangazi. Akaniinulia kidevu, maana yake endelea.

"Shikamoo, bwana," nilisema. "Si Shangazi, ni mtoto wa kaka yake. Yule bibi wa kabatini ni mimi. Nisamehe, namfuta sasa hivi. Na Shangazi anakusalimu sana, anasema harudi."