Kuketi Kitandani kwa Mgonjwa

Wanafunzi walimwita Mama Sifuri. Mwalimu alilijua jina hilo, na kusema kweli halikumkera. Kwa miaka kumi na minane alifundisha chuo kikuu jinsi ya kumsimamisha mgonjwa aliyevunjika nyonga, na kwenye mtihani wa vitendo hakuwa na mzaha hata chembe. Fomu yake ilikuwa na hatua kumi na nne, na chini kabisa, kwa herufi nzito, kosa moja lisilo na msamaha, kwa sababu ya usafi: anayeketi kwenye kitanda cha mgonjwa apewe sifuri, arudie mwaka.

Sasa chuo kilimpa likizo ya utafiti, muhula mzima kwa mshahara kamili, arudi wodini afanye kazi kwa mikono yake, kisha auandike upya mwongozo wa somo hilo. Sharti lilikuwa moja. Mwezi wa kwanza ukiisha, mkuu wa tiba ya viungo hospitalini atie sahihi kwamba mwalimu huyu anaweza kuachiwa mgonjwa peke yake. Asipotia, likizo inakatwa, na Mwalimu anarudi darasani na mwongozo wake ule ule.

"Likizo gani hii ya kuamka kabla ya jua?" mumewe alimtania. "Wenzako wakipewa likizo wanalala."

"Wenzangu hawana mume anayekoroma," akajibu huku akifunga viatu.

Utani ulimwishia alipofungua mlango wa kitengo. Mkuu aliyesimama pale alikuwa binti ambaye Mwalimu alimpa sifuri miaka tisa iliyopita. Wengine walikuja ofisini wakalia, wakaleta shangazi zao wawabembelezee. Huyu alikunja aproni yake, akaaga, akaondoka.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu."

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Akapewa orodha ya wagonjwa na kuonyeshwa pa kunawia mikono. Mwalimu alisubiri kijembe siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, kijembe hakikuja. Angechomwa kidogo tu angepumua.

Wiki ya nne akakabidhiwa bibi mmoja, fundi cherehani, aliyeungwa nyonga na bado alikuwa hajasimama. Mwalimu alifuata hatua zote bila kuruka hata moja. Alijitambulisha, akamfunga bibi mkanda wa kumshikia kiunoni, akasimama mbele yake, akahesabu moja, mbili, tatu. Bibi aling'ang'ania godoro. Alipoinuka kidogo magoti yalimtetemeka, akarudi chini kwa kishindo na ukelele uliosikika hadi mlangoni.

"Mwanangu, umenisimamia kama askari," bibi akasema akitweta. "Nikikutazama huko juu naona naanguka tu."

Wakajaribu tena, mambo yakawa yale yale. Mwalimu alitoka kijasho chembamba, na aibu ikamshika kwelikweli, maana vitanda vyote vilikuwa vinamtazama.

Hapo Mkuu akaja. Alitandika shuka safi pembeni mwa bibi, akaketi. Aliketi kitandani, bega kwa bega na mgonjwa, wote wawili wakielekea dirishani.

"Bibi, ukiwa kwenye cherehani, mteja akaingia, unainukaje?"

"Si nairudisha miguu nyuma, nainama mbele, nasukuma kwa mikono?"

"Haya, mteja huyo ameingia."

Wakainuka pamoja. Bibi alikuwa amesimama kabla hajakumbuka kuogopa.

Mwalimu alihesabu kimoyomoyo. Miguu nyuma, kuinama, kusukuma: kila ambacho fomu ilimtaka mgonjwa afanye kilikuwamo.

Jioni alimfuata Mkuu ofisini. "Siku ile ya mtihani, ulitandika shuka?"

"Nilitandika."

"Sikuona."

"Nilipokaa tu ulishaanza kuandika, Mwalimu. Hukuniuliza kwa nini."

"Mbona hukukata rufaa?"

Mkuu aliendelea kupanga mafaili. "Ningelia mbele yako. Baba alikuwa mgonjwa, alitaka anione nimevaa joho. Alifariki mwaka ule niliorudia." Alilisema bila kupandisha sauti, akasukuma droo ikafunga.

Aliyokuwa akiwaambia wanafunzi kuhusu nidhamu ya kazi hayakumfaa Mwalimu kitu hapa. "Nisamehe, mwanangu," akasema.

"Sijui kama nimeshakusamehe. Kuna siku naona tayari, kuna siku naona bado." Akachukua fomu mezani. "Kesho asubuhi nakuangalia na bibi. Mwezi unaisha."

Asubuhi Mkuu alisimama pembeni, kalamu mkononi, pale pale ambapo Mwalimu angesimama siku ya mtihani. Mwalimu alimfunga bibi mkanda, akatandika shuka. Akaketi.

Bega lake lilipoguswa na la bibi, alishtuka. Bibi alikuwa akitetemeka mwili mzima, tetemeko dogo dogo lisiloonekana kwa macho. Miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa akisimama mbele ya watu, na hakuwahi kulihisi.

Akasubiri. Hakuhesabu. Tetemeko likapungua.

"Bibi, mteja ameingia."

"Anataka nini?"

"Gauni."

"Naye kwa kuwahi!" Bibi akarudisha miguu nyuma, akainama, akasukuma. Wakasimama. Wakaenda hatua nne hadi dirishani, na bibi akashika kingo kwa mikono miwili, anachungulia barabara.

Mwalimu akageuka, mkono mmoja bado umeshika mkanda wa bibi. Mkuu alikuwa anaandika, na alisoma kwa sauti alichoandika: "Ameketi kitandani kwa mgonjwa." Kalamu ikasimama. Mwalimu akaisubiri kama mwanafunzi.

Mkuu akainua uso. "Kwa nini?"

"Kwa sababu anaogopa," Mwalimu akasema, na machozi yakamtoka bila kujizuia. "Na nikisimama, simsikii."

Mkuu aliandika neno kwa neno, taratibu, kisha akatia sahihi.

"Jibu langu siku ile lingekuwa hilo hilo," akasema.

"Nyie mnaolia," bibi akaita kutoka dirishani, "nani ananirudisha kitandani?"

Wakaenda wote wawili.