Godoro la Pamba ya Iramba

Elina alikuwa akimimina mafuta ya alizeti kutoka kwenye dumu na kuyajaza katika chupa, kazi aliyoifanya kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mama yake aliposema kutoka mkekani:

"Ukimaliza hayo mafuta, kaniletee godoro la mwanangu."

"Leo, mama?"

"Leo. Jana ndugu wamegawana nguo zake, mimi sikuchukua hata kitambaa. Nataka lile godoro. Mbavu zangu zimechoka na sakafu yenu hii ya Mandewa, na upepo unaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba."

Elina hakubisha. Aliziziba chupa kwa vigunzi vya mahindi, akajitanda khanga, akashika njia ya hospitali.

Mwaka ule chama cha ushirika kiliposhindwa kununua pamba, wakulima wa kijijini kwao Iramba waliambiwa wasihuzunike: biashara sasa ni huria, wanunuzi binafsi watakuja kugombania mzigo. Wakangoja. Alikuja mmoja tu, akataja bei iliyowafanya wazee wainuke bila kuaga, akaondoka na lori lake tupu. Pamba ikabaki ndani, ikawa makazi ya panya. Ndipo Severina, mdogo wake Elina, alipokaa uani akaichambua mbegu kwa vidole, akashona mfuko mkubwa wa kitambaa cha marekani kwa uzi mwekundu, akaushindilia pamba mpaka ukanenepa.

"Walituambia hili ni zao la biashara," alisema, akijitupa juu yake kwa kicheko. "Mimi nalilalia. Nani kati yenu ana utajiri kama wangu?"

Wakati huo miguu yake ilikwisha kuanza kuvimba. Daktari alipomweleza kwamba moyo umepanuka, alitoka akawatangazia ndugu waliokaa benchini kwamba sasa imethibitishwa kwa mashine: moyo wake ni mkubwa kuliko ya wote. Hata wagonjwa wasiomjua walicheka hadi wakakohoa.

Hospitali ilikuwa imeingia katika mambo ya kuchangia gharama. Kitanda cha chuma kilikuwa cha serikali. Kila kilichowekwa juu yake kilitoka nyumbani. Ilipoamriwa Severina apelekwe Dar es Salaam, gari la wagonjwa lilikuwepo, ila mafuta yake yalitakiwa yatoke kwa mgonjwa. Waliuza maksai wa kulimia, wakala hasara, fedha haikutosha mafuta, na gari halikuondoka. Severina alilala kwenye pamba yake, akiwatania wauguzi, mpaka pumzi ya kutania ikamwishia.

Elina alimkuta Bwana Gabrieli, mtunza bohari wa hospitali, akichokonoa meno.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada."

"Nimefuata godoro la marehemu Severina. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani."

"Yule wa vichekesho? Pole sana. Alikuwa mtu wa watu." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Godoro limeshaingia kwenye mali ya hospitali."

"Lakini tulilileta sisi, mzee. Mlisema hamna."

"Tulikuwa hatuna. Sasa tunalo."

Elina aligeuka kutazama upande wa wodi.

"Siku ya kuliingiza, uliliandikisha getini?" aliendelea Gabrieli kwa upole. "Bila kibali cha kuingiza, kibali cha kutoa nakitoa wapi?"

"Siku ile nilikuwa nimembeba mgonjwa mgongoni. Ningeandika kwa mkono gani?"

"Mimi nafuata utaratibu, dada. Ndoo yenu ipo wodini, kaichukue. Ndoo tunazo."

Godoro lilikuwa palepale dirishani, limepigwa chapa ya rangi nyeusi ubavuni. Juu yake alilala msichana aliyekonda, macho makubwa. Elina alikwisha kuinua pembe moja, akauona mshono mwekundu, na chini yake nyaya tupu za kitanda.

"Ni la kwenu?" msichana aliuliza, akianza kujivuta ashuke. "Chukua tu, dada. Mama amekwenda Mkiwa kuuza kuku ili tulilipie. Wanalitoza kila siku."

"Wanalitoza?"

"Wanasema ni la hospitali."

Elina alisimama na pembe ile mkononi. Aliziona mbavu za mama yake, akaziona na hizi zilizokuwa mbele yake. Kisha akaiachia.

"Lala. Unaitwa nani?"

"Jenifa."

"Jenifa, wakija kukudai, waambie mwenyewe amekuachia. Halilipiwi. Ukipona, ondoka nalo."

"Wakibisha?"

"Waambie wapasue mshono huu. Ndani kuna mbegu za pamba. Aliyelishona alikuwa hawezi kucheka na kuchambua kwa wakati mmoja. Basi wakuonyeshe bohari gani ilinunua godoro lenye mbegu."

Msichana alipitisha kidole kwenye uzi mwekundu. Akatabasamu kidogo. Elina akachukua ndoo chini ya kitanda, akatoka.

Getini mlinzi aliitaka ndoo, akaigeuza chini juu, akaigonga kitako.

"Kibali chake?"

"Mwulize Gabrieli. Amesema hizi mnazo."

Elina aliichukua, akaondoka bila kungoja ruhusa.

Alipofika Mandewa, alikuta sakafu imefagiliwa na kunyunyizwa maji. Mkeka umekunjwa, umefungwa kamba, umeegemezwa ukutani kama kitu kilichomaliza kazi yake. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, akiitazama njia nyuma ya Elina, kuona nani anayemsaidia kubeba.