Kiroboto na Doa la Ukutani

Siku ya nne Kiroboto akikataa chakula, fundi wa nguo alizima cherehani, akaketi sakafuni kando yake na kulia. Mbwa hakugeuka. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta mtupu, anatetemeka mwili mzima, anangoja.

Kiroboto alikuwa teria, mbwa mdogo mwenye manyoya magumu kama brashi ya viatu. Alikuwa wa mteja mmoja aliyehama, ambaye hakuwa na pa kumpeleka. Wakati huo mama yake fundi alikuwa amepooza upande wa kulia, na ulimi umekuwa mzito hata jina la bintiye hakuweza kulitamka. Fundi alimpandisha mbwa kitandani kwa majaribio tu. Uso wa mama ukavutika upande mmoja. Lilikuwa tabasamu, la kwanza tangu atoke hospitali. Fundi akaapa huyu mbwa haondoki.

Mwanzoni vituko vyake vilichekesha. Hanywi maji mpaka azunguke bakuli mara tatu. Anaiba soksi na kuzifukia chini ya mto wa mama. Cherehani ikinguruma analala fofofo, ikinyamaza, anaibwekea. "Umepata msimamizi," wateja walimtania fundi.

Kisha ukaja ukuta wa chumbani kwa mama. Kila doa la mwanga alilirukia, akakwangua lipu mpaka kucha zikatoka damu. Doa likipotea, alibaki palepale akikodoa macho saa nzima. Fundi alimkemea, akamfunga kamba kwenye mguu wa meza, akatundika khanga ukutani, hakufua dafu. Siku moja hasira zikampanda, akamchapa na rula ya mbao. Mbwa hakulia wala hakugeuka. Hilo ndilo lililomtisha fundi kuliko yote.

Mwenye nyumba alikuja Jumatatu. "Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema, akipapasa lipu iliyobomoka. "Lakini huyu anachimba njia ya kwenda kwa jirani. Jumamosi nisimkute."

Fundi alimbeba Kiroboto kifuani hadi kwa daktari wa mifugo, mzee aliyezoea zaidi ng'ombe na mbuzi. "Daktari, huyu amerukwa na akili," alisema. "Kama ni wa kuchomwa sindano ya mwisho, niambie tu. Nimechoka."

Daktari alimwinua mbwa, akamtazama macho na kucha. "Hana wazimu, mama. Jamii hii ilifugwa kwa kazi moja: kuona kitu kinapita na kukiandama mpaka kikamatwe. Panya anakamatika. Akishamng'ata, kazi imekwisha, anakwenda kulala. Sasa mwanga ataung'ata vipi? Kwake yeye kazi haijaisha tangu ilipoanza. Nani anamchezea mwanga?"

"Hakuna. Nyumbani tuko mimi na mama, na mama hawezi hata kujigeuza."

"Kaangalie vizuri. Hali hii haiji yenyewe haraka namna hii."

Mchana ule fundi aliweka pasi juu ya pedali, akaiacha cherehani ikinguruma bila kitambaa ili mama adhani anashona, akafunua pazia la chumbani kidogo. Mama alikuwa ameshika kioo chake cha poda kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Aliukinga mwanga wa dirishani akaurusha ukutani, juu, chini, pembeni, na Kiroboto akaruka nao kama aliyefungwa uzi. Mama alikuwa anacheka. Sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, lakini kilikuwa kicheko.

Fundi alisimama hapo. Mwisho akapiga moyo konde, akaingia. "Mama, mchezo huu unamuua. Nipe kioo."

Mama alikibana. Ikabidi fundi amfumbue vidole kimoja kimoja. Alipomaliza, mama aligeuza uso, na jioni hiyo akafumba mdomo mbele ya kijiko. Kesho yake vilevile. Sasa nyumba ilikuwa na wawili wasiokula, na fundi katikati yao, bakuli huku na bakuli huku, akibembeleza. "Kuleni basi," aliwaambia. "Mnataka niende wapi mimi?"

Alimpigia daktari simu, akamweleza habari ya kioo. Daktari akasema, "Umempokonya mbwa kazi. Nadhani na mama yako pia. Wape nyingine, ya kitu kinachoshikika."

Fundi alijaza beseni vitambaa chakavu, akaliweka kitandani, akampa mama kipande cha nyama kavu akifiche humo. Mama aliuvuta mkono. Alhamisi akaangusha kipande sakafuni. Ijumaa alikishika muda mrefu, akakitazama, kisha akakisukuma polepole chini ya vitambaa. Kiroboto alikuwa bado ukutani. Pua ikacheza. Akageuka, akarudi ukutani, akageuka tena, halafu akaruka kitandani na kuchimba, vitambaa vikitapakaa hadi usoni kwa mama. Alipokipata alikitikisa kwa hasira kama amekamata mnyama, akakimeza, akalala palepale. Mama akala vijiko vitatu.

Jumamosi mwenye nyumba aliingia akakuta kimya. Lakini jua lilipogonga jagi la maji, mbwa akawa ameshafika ukutani. Fundi alivuta pazia haraka, akaeleza yote. Mwenye nyumba alimtazama mgonjwa. "Nakuongezea wiki mbili," alisema. "Na lipu utaiziba."

Lipu ilizibwa, na mwenye nyumba hakumtaja tena mbwa, ingawa Kiroboto hakupona kabisa. Daktari alikuwa amesema huenda asipone. Fundi alishona nguo huku mapazia yamefungwa, macho yakimuuma, na kwa karibu mwezi mzima mama hakumtazama usoni. Kisha adhuhuri moja, akiwa anatia uzi kwenye sindano, alisikia beseni likigongwa. Lilikuwa tupu, halina hata kipande cha nyama. Mama alikuwa analisukuma kwake, na macho yake yalikuwa yamemkazia, makali, kama zamani alipokuwa akimtuma sokoni na yeye akichelewa.

"Naam, mama," fundi alisema, akainuka.