Kiti cha Kona ya Dirishani

Kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na hakulikana. Mwaka wake wa kwanza masijala, bosi aliyekuwa anahama alimwachia birika la chai la ukubwa wa ukucha, lenye kifuniko kinachofunguka, na yeye kwa adabu zake akasema, "Jamani, zuri kweli." Akaliweka mezani kando ya mhuri. Wiki haijaisha, mchapaji akamletea vikombe sita vya kwenda nalo, kila kimoja kama punje ya mahindi. Basi, ndiyo ikawa imetoka hiyo. Ofisi nzima ikajua kwamba mama wa masijala anapenda vyombo vya nyumba ya wanasesere, na jambo likishajulikana ofisini, hata ule kiapo hakuna wa kukusikiliza.

Ikapita miaka ishirini na mbili. Kila siku yake ya kuzaliwa, kila mtu akirudi safari, kijiboksi. Wakambatiza Bi Vidogo. Aliletewa kabati lenye vitundikio vya waya ndani, vitabu vyenye kurasa, pasi, kitanda cha chuma na godoro lake la pamba. Na vilikuwa vitu vya ufundi hasa, tusimpunje mtu haki yake. Kulikuwa na cherehani moja ambayo gurudumu lake lilizunguka, na hiyo aliipenda kwa moyo wake wote. Vingine alivifuta vumbi tu kila Jumamosi, kwa brashi ya rangi, huku mgongo unamuuma.

Huo mgongo sasa. Kiti chake cha ofisini kilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye akauwekea chini kipande cha jalada kuukuu kilichokunjwa mara nne. Kikisagika, alikunja kingine. Mara tatu aliandika barua ya kuomba kiti kipya, na kwa kuwa masijala ni yeye, barua zote tatu alizipokea mwenyewe, akazigonga mhuri, akazitunza mwenyewe kwenye jalada la samani. Zimo humo mpaka leo. Nyumbani nako, alikoishi na mdogo wake wa kike, hakukuwa na nafuu yoyote.

"Sisi binadamu tuna stuli moja," mdogo wake alizoea kumtania, "wanasesere wana sebule tatu. Na wanasesere wenyewe hata hawapo."

Ulipobaki mwezi mmoja astaafu, dereva, aliyekuwa anasimamia kamati ya kumuaga, alimfuata mezani. "Mama, safari hii sema mwenyewe. Unataka nini?"

Hakuwahi kuulizwa. Aliona haya kidogo, kisha akasema, "Kiti, mwanangu. Kiti kizuri tu."

"Kiti tu? Hesabu umeshapata."

Hapo akakosea mara ya pili: hakusema cha kukalia. Lakini nani duniani husema hivyo? Jioni ile alimweleza mdogo wake, na wawili hao wakaisogeza meza, wakafagia kona ya dirishani, mdogo mtu akapima upana kwa mkono. Mwezi mzima ile kona ikakaa wazi. Bi Vidogo akipita alikuwa anaitazama na kufikiria tu namna atakavyoegemea, mgongo wote, asiinuke mpaka giza liingie.

Siku ya kuagwa walijaa ukumbi wa mikutano. Dereva akaja na boksi la ukubwa wa nusu mkate. Moyo wa mama wa watu ukashuka, ila akajipa moyo kwamba kikubwa kiko garini, hili ni la utani. Akafungua.

Kilikuwa kiti chake. Kile kile cha masijala, kimechongwa kwa mbao nyekundu, kinakaa kiganjani. Ule ufa wa ubao wa mgongoni ulikuwepo. Kimto cha buluu alichokishona mwenyewe kilikuwepo, kikubwa kama kitufe cha koti. Na chini ya mguu mmoja, mfupi kuliko wenzake, palikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne.

"Tulimleta fundi mara mbili, ukiwa umeenda kula," mchapaji alisema, anang'aa kwa furaha. "Na mimi ndiye niliyemwambia asisahau kikaratasi."

"Wewe kikaratasi ulikiona lini?"

"Siku zote, mama. Nani hapa hakijui?" Watu wakacheka, cheko la mapenzi kabisa.

Bi Vidogo alikuwa na maneno yake ya siku kama hizi, jamani mmejisumbua, jamani kizuri kweli. Aliyatafuta, hayakuja. Aliumia. Miaka yote alijiambia kwamba hawajaona.

"Nilitaka cha kukalia," akasema, polepole.

"Amesema nini?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Ameshukuru," bosi wa sasa akajibu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nyumbani alimkuta mdogo wake mlangoni, ameshika ufagio, anachungulia nyuma yake barabarani. "Kinakuja na gari?"

"Ndicho hiki."

Mdogo wake akakipokea, akakigeuza, akaona ufa, akaona kikaratasi. Utani wote ukamwishia. Bi Vidogo alikichukua, akakiweka sakafuni kwenye ile kona ya dirishani, katikati ya nafasi yote ile, kisha akainama kwa taabu na kukichomoa kikaratasi kwa ukucha. Kiti kikalala upande.

"Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakaa," akasema.

 Mdogo wake alienda kuileta stuli, akaisukuma mpaka ukutani, akamshika mkono amsaidie kukaa.