Kimya cha Dukani kwa Sonara

Mie balozi wa nyumba kumi, na watu wawili wakikaa pamoja bila ya kusema neno, usingizi sipati. Nani Unguja hii anakaa na mwenzake asizungumze? Hata kahawa hawanywi!

Mmoja ni Gunadasa, sonara wa Kisinhala kutoka Sri Lanka, mfuasi wa Budha. Wa pili Sospeter, katekista, mwalimu wa dini kanisani Mkunazini. Kila alasiri hukaa dukani wamefumba macho. Wiki nzima nilijibanza nyuma ya dirisha, pumzi nimeibana, nisikie njama. Sikusikia kitu.

Leo uvumilivu umenishinda, nikaingia.

"Mnapanga nini nyie?"

"Mie naitazama pumzi yangu, inavyoingia na kutoka," akasema sonara.

"Nami kwa kila pumzi namwita Yesu moyoni," akasema Sospeter. "Tunaanzia mbali, kisha tunakutana kwenye kimya."

"Uongo! Na kiti hicho cha tatu cha nani?"

"Chako, Bwana Mabrouk," akajibu sonara. "Wiki nzima umesimama pale dirishani, hukohoi, hutikisiki. Sisi kutulia hivyo bado tunajifunza."

Nikakaa. Lakini macho sikufumba.